Jibu la Gari la Vumilia

Jumanne moja ya mwaka tisini na nane, saa nane mchana, Maige alikuwa akipiga deki ofisi ya afya ya mkoa, Shinyanga. Kazi yake ilikuwa ulinzi, lakini wakubwa walishamwondoa mtu wa deki na hawakuweka mwingine. Katika chumba cha mwisho Kunal, fundi kompyuta, alikuwa akiongeza kitu kwenye programu ya kutumiana ujumbe na zahanati za vijijini. Programu hiyo ilitolewa bure, na anayejua aliruhusiwa kuifungua na kutia chake.

"Zamani, Mzee Maige, ukiuliza lazima ushikilie laini mpaka ujibiwe. Ukiachia, swali limepotea. Sasa unauliza, unakwenda zako kufanya kazi. Jibu litakukuta."

Maige alikamua tambara. "Ungekuja miaka minne nyuma, fundi."

Miaka minne nyuma mkewe, Vumilia, alijifungua kwenye zahanati ya kijijini, damu ikakataa kukatika. Nesi aliomba gari kwa redio. Ofisi hii hii ikamwambia asubiri hapo hapo, akiondoka tu zamu inakwenda kwa mwingine. Saa tatu nzima nesi alikaa kwenye redio, Vumilia na mtoto walikuwa chumba cha pili peke yao. Gari halikuja, wote wawili wakazikwa kesho yake.

Kunal alipomaliza, maswali yote yasiyojibiwa yalijipanga kwenye kioo, hata ya kabla kompyuta haijanunuliwa. Baadaye kidogo wenye maswali hayo wakaanza kuingia na kuketi kwenye benchi. Vumilia alikuja wa nne, kichanga mgongoni, akipita kandokando asichafue sakafu.

"Mwadila, Baba Luka," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Kaa huku, pale pamelowa."

"Wamejibu?"

"Thubutu! Hawa unawajua."

"Luka anasoma?"

"Darasa la tano. Mbishi kama wewe."

Karani alipita, akaona benchi limejaa, akaagiza la pili.

Maige alitaka kitu kimoja tu: jina la mtu aliyelizuia gari siku ile. Jibu la ofisi halitoki bila saini.

Saa kumi kompyuta ikalia. Kunal akasoma: "Swali la Vumilia. Gari liko Geita, limepeleka viongozi kukagua dhahabu. Ulizeni tena Jumatatu."

"Kasaini nani?"

"Imeandikwa 'Kwa niaba ya.'"

"Ya nani?"

"Imeishia hapo, mzee."

Maige akatazama dirishani. Gari lilikuwa uani, bado linachuruzika maji. Alikuwa ameliosha mwenyewe nusu saa tu nyuma.

Vumilia naye akachungulia. "Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Linang'aa," alisema, akakaza kitenge cha mtoto. "Haya. Jumatatu si mbali."

Kunal akaliuliza swali upya, akaliacha, akaendelea na kazi nyingine. Maige akachukua tambara na kukausha sakafu kando ya ukuta, maana benchi la pili lilikuwa linaletwa.