Neno la Enoch Juu ya Keturah

Enoch Storr alikuwa na miaka ishirini alipogongomea mbavu za meli Keturah pale bandarini Whitby, Uingereza, mwaka 1804. Meli ile ilibeba mbao kutoka Riga, ikapeleka wafungwa Sydney, ikarudi na mafuta ya nyangumi. Kila ilipotia nanga nyumbani, Enoch ndiye aliyeitengeneza. Ilipozeeka ikaachiwa kubeba makaa ya mawe tu, na nahodha wake akawa Jabez, mume wa Tabitha, binti pekee wa Enoch.

Vuli ya 1830 mwenye meli alimwita Enoch aikague. Alishuka ndani ya tumbo la meli, akachoma ubavu mmoja kwa kisu. Kisu kikazama mpaka kwenye mpini.

"Vipi mkwe, huyo bibi kizee wako anaumwa?" Jabez alimtania kutoka juu.

"Mzima kukushinda wewe!"

Angesema imeoza, ingepasuliwa kuni kabla ya Krismasi, na hilo moyo wake haukuliweza. Safari moja ya London, alijiambia, ikirudi nitasema. Mwenye meli naye akamwambia ni nzima.

Siku ya tatu ya safari dhoruba iliikuta karibu na pwani ya Filey. Watu kumi na mmoja walikufa maji, Jabez akiwamo. Tabitha alikwenda ufukweni kumtafuta mumewe, akarudi na kipande cha mti kilichokuwa kikimomonyoka mkononi.

"Baba, hiki ni nini?"

"Ubavu wa meli."

"Mbona umeoza?"

Enoch alikichukua, kikamegeka vidoleni mwake.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na mimi na mimba hii! Ulilihurumia gogo, mume wangu hukumhurumia?"

Kesho yake Enoch alianza kupita nyumba kwa nyumba za wafiwa, akikiri kwa kinywa chake. Mmoja alimtemea mate. Mjane mwingine alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango polepole. Mwenye meli hakumpa kazi tena, wala yeye hakuomba.

Tabitha alihamia mji wa Hull kwa wakwe zake. Habari za kuzaliwa kwa mtoto, Enoch alizisikia sokoni, kwa muuza samaki. Akasafiri siku mbili kwa miguu.

Tabitha alifungua mlango, mtoto kifuani, akasimama kizingitini.

"Mtazame hapo hapo ulipo, baba. Usimshike."

Mtoto alikuwa na kidevu cha Jabez. Enoch alivua kofia, akamtazama mpaka mtoto alipoanza kulia na Tabitha akaingia naye ndani.