Nguruwe wa Mama Lusungu kwenye Njia ya Baiskeli

Kabla ya Ijumaa ile, hakuna mtu Tunduma aliyewahi kumwona Mama Lusungu akipita katikati ya njia ya baiskeli. Jina lake hasa ni Tupokigwe, mzaliwa wa Ikinga kule Ileje, aliyeletwa mjini na ndoa na akabaki hapo hata baada ya mumewe kufariki. Kazi yake ni kuwalisha madereva wa malori kitimoto, yaani nguruwe wa kukaanga, na mkaa, ndizi na nyama vyote alivifuata kwa baiskeli ya marehemu, mdomo ukitangulia gurudumu la mbele.

Njia yenyewe ni ukanda mwembamba wa zege kati ya foleni ya malori na mtaro. Waendao mpakani na watokao mpakani wanaitumia hiyo hiyo: wenye magunia, wenye madumu ya mafuta, wenye kuku wanaoning'inia kwenye usukani. Mstari wa katikati ulifutika siku nyingi, na kazi yake ilichukuliwa na Mama Lusungu. Kaa kushoto. Piga kengele kabla hujampita mtu. Msiende wawili wawili kama maharusi. Simu ikiita, shuka, toka njiani, ndipo upokee. Hayo aliyasema kwa sauti ya kusikika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na aliyebisha aliambiwa mambo kuhusu malezi yake mpaka akatamani kuingia mtaroni kwa hiari. Vijana walimwita Trafiki. Walimcheka, lakini wakimwona kwa mbali walihamia kushoto.

Mtu mmoja tu alikuwa amemshinda, Mwinjilisti Ambakisye wa kanisani kwao. Huyu alipita katikati kabisa, polepole, suruali ameichomeka kwenye soksi, Biblia kwenye kikapu cha mbele. Kengele hakuwa nayo. Yeye aliimba. Ukiwa nyuma yake ulisubiri wimbo uishe. Ukija mbele yake ulisikia besi ukajipanga mwenyewe. Mama Lusungu angempa vidonge vyake kama wengine, ila ni vigumu kumtukana leo mtu atakayekuombea keshokutwa ukiwa umefumba macho. Kwa hiyo maneno aliyameza, mwaka baada ya mwaka.

Ijumaa hiyo alikuwa na nguruwe wa kumtoa kule Mpemba, nje ya mji, kwa sababu kundi la madereva lilikuwa limeagiza chakula cha jioni. Mwenye bajaji aliyezoea kumbebea alikataa kata kata. Alisema nguruwe wa mara ya mwisho aliyafanyia makochi yake mambo ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa, na abiria sasa wanapanda wakiwa wameziba pua. Mama Lusungu akamjibu kwamba abiria wake hata zamani hawakunukia vizuri, akaenda kwa baiskeli.

Muuzaji alimtia nguruwe kwenye gunia, akamwachia kichwa nje apate hewa. Walijaribu kumlaza kwa urefu, lakini pua ikawa inamfikia Mama Lusungu mahali ambapo mjane mwenye heshima zake hapendi kunuswa. Wakamkingamisha. Kichwa kikatokeza upande wa kulia, makalio upande wa kushoto, na baiskeli ikawa pana kama meza ya harusi.

Alipoingia kwenye njia ya zege ndipo alipoelewa. Akikaa kushoto, makalio ya nguruwe yanagonga nguzo za taa za pembeni. Basi akaenda katikati. Akajiambia kwamba leo ni dharura, neno ambalo alikuwa amelisikia kwa kila mtu ambaye yeye aliwahi kumsimamisha, na hakuna hata mmoja aliyesamehewa kwa ajili yake. Watu walishuka kwenye baiskeli zao wakajibana pembeni. Wengine walikuwa wanatabasamu kuliko ilivyohitajika. Jastin, kijana auzaye mayai, alisimama ukingoni mwa mtaro na trei zake, akamwambia kwa adabu zote, taratibu:

"Mama, kushoto."

Mama Lusungu akamwambia achunge mayai yake. Lakini masikio yalimwaka moto, na hakuwa amepoa alipoisikia besi.

Mwinjilisti alikuwa anakuja kutoka mjini, katikati kama kawaida, macho kayainua mawinguni. Mama Lusungu akapiga kengele. Mwinjilisti akapandisha sauti. Akapiga tena, mfululizo. Mwinjilisti akaingia kiitikio. Kila mmoja alikuwa amezoea kupishwa, na kila mmoja alimsubiri mwenzake apishe, hadi usukani ukashikana na usukani, na nguruwe akatoa mlio uliomaliza wimbo.

Hakuna aliyeumia sana. Mwinjilisti alichubuliwa muundi na pedeli, Mama Lusungu alikaa chini ghafla, na gunia likachanika. Nguruwe akasimama, akamtazama Mwinjilisti kama anayemtia alama, kisha akapita chini ya lori lililobeba shaba na kupotelea kwenye vichochoro ambako ukuta mmoja uko Tanzania na wa pili uko Zambia.

Wakamkimbiza wote wawili, na njia nzima ikabaki inashangilia. Walikimbia wakibishana kwa pumzi zilizobaki. Mwinjilisti alidai amepita katikati miaka yote na kila mtu anajua. Mama Lusungu akamwambia hata mwizi wa mtaani kila mtu anamjua. Kwenye ubishi huo wakavuka mpaka bila kuonyesha chochote kwa yeyote, sawa na nguruwe.

Walimkuta Nakonde, uani kwa mama mmoja mpika pombe aitwaye Ketrina. Kichwa chote kilikuwa ndani ya ndoo ya machicha ya pombe, na mkia ulikuwa unacheza. Ketrina alitoka na chitenge chake kiunoni kuona ni kelele gani. Ketrina hakumjali nguruwe. Alimwona Mwinjilisti, uso ukamchangamka.

"Mwaiseni, ba Mwinjilisti," akamkaribisha kwa wingi wa heshima wa kwao. "Leo mmewahi. Kiti chenu bado sijakifuta."

Nguruwe aliendelea kumalizia ndoo. Mama Lusungu alihisi furaha ikimpanda taratibu kutoka miguuni. Mwinjilisti akaanza kueleza kwamba huwa anakuja kuwatembelea waliopotea. Ketrina, kwa wema tu, akathibitisha: anawatembelea sana, pale chini ya dirisha, na wakishakunywa vya kutosha anawaimbia vizuri mno.

Nguruwe hakukimbia tena. Alijaribu hatua kadhaa, kila mguu ukaenda nchi yake, kisha akalala ubavu na kukoroma. Mama Lusungu akaomba radhi kwa machicha yaliyoliwa. Ketrina akasema wala asijali, wapo wanaokunywa zaidi ya huyo na kuleta matata zaidi.

Walisaidiana kumbeba wakavuka tena hadi kwenye baiskeli zilizokuwa zinalindwa na Jastin, na sasa alikubali kulazwa kwa urefu, laini kama godoro. Mama Lusungu akashika usukani, Mwinjilisti akasukuma kwa nyuma, baiskeli yake mwenyewe ameiacha pale pale kwa Jastin.  Kisha Mwinjilisti akauliza, sauti ikiwa haina besi yoyote:

"Mama Lusungu, utalisema kanisani?"

Maneno alikuwa nayo, mengi, ya miaka. Alisimama ageuke amtolee. Akaona soksi moja imeshuka, muundi una damu pale pedeli yake ilipopita, na mtu mzima ameshikilia makalio ya nguruwe mlevi kwa mikono miwili asije akaanguka. Akakumbuka pia nani alikuwa katikati ya njia asubuhi ile.

"Niseme nini, Mwinjilisti? Kwamba nilikugonga na nguruwe?" akasema. "Sogea tu kushoto, watu wapite."

Mwinjilisti akasogea. Watu wakapita, wengine wakawapigia kengele, na Mama Lusungu hakumjibu hata mmoja.

Jioni madereva walikula wakaomba waongezwe. Mmoja wa Lusaka, Edson jina lake, alikuja hadi jikoni kuuliza nyama hii imelainishwa na nini, maana hajawahi kuila ya namna hiyo. Mama Lusungu alimwambia ni siri ya kanisa.

Mwinjilisti hadi leo hajanunua kengele. Anaimba vile vile, ila anaimbia kushoto. Na akikutana naye anaelekea mpakani, Mama Lusungu humwamkia, wala hamuulizi anakokwenda.