Vitabu vya Ubia

Jumatatu, baada ya gwaride la asubuhi, Mwalimu Leticia alimaliza kupanga mbao juu ya matofali ndani ya iliyokuwa stoo ya mahindi, katika shule moja ya msingi huko Ruhuwiko, akaiita maktaba. Ilikuwa na vitabu vichache vilivyochakaa, kimoja hakina jalada, na harufu ya dawa ya mahindi iliyogoma kutoka hata baada ya kudekiwa.

Vitabu vipya vilikuwepo. Wafadhili walivileta mwaka juzi, vikafungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Kajetani, ambaye alitembea na ufunguo mfukoni pamoja na rozari yake. Leticia aliuomba tena. Mwalimu mkuu, mtu mpole asiyepandisha sauti, alikataa katakata.

"Vile ni vya wageni, mwalimu. Watoto wakivichafua, mkaguzi akija nimwoneshe nini?"

Leticia akapiga moyo konde. Aliwaita wazazi, akawaeleza kwamba bajeti haipo, hivyo vikuukuu vyake atavitoa kwa ubia, kama mtu anavyopewa tetea akamfuge: akitotoa, vifaranga vinagawanywa. Alisema hivyo ili wavitunze tu. Wazazi, ambao ubia wa kuku wamezaliwa nao, walilichukua neno kama lilivyo.

Wa kwanza kurudi alikuwa Bi Mwanahawa, mama wa Zena wa darasa la tatu, Myao wa Tunduru anayeuza korosho sokoni. Kitabu cha hesabu alikiweka kwenye kikapu jikoni, karibu na mafiga, na kila jioni wanawe walikisoma kwa sauti. Kilikuwa kimezaa. Alivitoa vitoto viwili kwenye khanga, vyembamba, kurasa bado zina unyevunyevu. Vyote vilifundisha kugawanya kwa kutumia korosho.

"Hiki cha shule, hiki changu," alisema. "Cha tatu kilikufa, mwalimu. Paka alikilalia."

Leticia alimpa pole, akakigonga muhuri kile kitoto cha shule.

Baada ya hapo wakawa wanapishana mlangoni. Kitabu cha afya kilizaa kingine kuhusu kikohozi cha nguruwe, maana kililelewa kwenye nyumba ya wafuga nguruwe. Mzee Isidori alilalamika kwamba chake hakijatotoa kitu. Wenzake wakamuuliza kama alikuwa anakisoma au anakiwekea kikombe cha chai. Kabla ya likizo mbao zilijaa, na Leticia alikuwa na furaha mpaka akawa anaimba akifagia.

Alimwita Mwalimu Kajetani aje aone. Mwalimu mkuu alisoma cha nguruwe akiwa amesimama, akacheka peke yake mpaka kengele ikalia. Leticia akaona sasa ndiyo saa yenyewe, akaomba ufunguo.

"Vya nini tena?" alijibu mwalimu mkuu, kwa wema kabisa. "Vyako si vinazaa?"

Iliuma. Kesho yake Leticia alilipeleka darasa la tatu nje ya dirisha la ofisi, lile linalotazamana na kabati, wakasoma kwa sauti. Wakafanya hivyo kila mchana. Vitabu vya wageni vilisogea taratibu mpaka vikabana kwenye kioo, na Mwalimu Kajetani akavirudisha nyuma, akidhani sakafu imeinama.

Wiki ya kufunga shule, kitoto kimoja kilipenya chini ya mlango wa kabati, kikaanguka sakafuni, na Leticia akaingia kukiokota. Mama yake alikuwa kitabu cha sayari, lakini ndani hamkuwa na sayari hata moja. Kurasa zote zilikuwa na picha ileile: darasa la tatu wakitazama ndani kupitia kioo.

Zena alijiona katikati, akaomba kwenda nacho nyumbani. Leticia alikigonga muhuri, akampa, akamkumbusha akiweke penye joto. Ofisini, Mwalimu Kajetani alikuwa anajaribu kufuli la pili.