Skrubu Alizofungua Castory

Kilichomchoma Damas si kibodi kuharibika. Vitu vibovu ndivyo vinavyomlisha pale kwenye karakana yake ya Kizota, na kibodi hajui amefungua ngapi. Kilichomchoma ni skrubu. Alipoipindua kompyuta mpakato ya mkewe juu ya meza ya karakana, aliona moja imechubuka kichwa na nyingine ni ngeni kabisa, fupi kuliko zile za asili. Kuna mtu alikwishaingia humu kabla yake.

"Mama Priska, hii nani kaifungua?"

"Castory wa ofisini," Elieth alijibu. "Herufi zilikuwa zinajirudia zenyewe. Wiki nzima nakuambia, unasema una kazi za watu. Akaisafisha, ikapona siku moja, ikarudi vilevile."

Castory tena. Tangu Elieth ahamishiwe ofisi za serikali kule Mtumba, jina hilo lilikuwa linakula nao mezani. Castory karekebisha printa, Castory kaweka programu mpya, Castory kaleta zabibu za shambani kwao. Damas aliitikia "mh" na kuendelea kutafuna, huku roho inamuuma mpaka ugali haushuki. Mke wa fundi, kompyuta yake inafunguliwa na mwanaume mwingine. Afadhali angewakuta wanakunywa soda.

Elieth alipokwenda sokoni, Damas aliwasha mashine na kubonyeza herufi moja moja. Tatu zilijirudia. Akang'oa vitufe, akakuta chai ya maziwa imegandia chini yake. Castory alikuwa amepangusa juu juu tu. Damas alicheka peke yake, akasafisha kwa spiriti, akakausha, akarudisha. Kibodi ikaandika safi.

Hapo mtu mwenye akili timamu angekaza skrubu, akala sifa zake nyumbani. Lakini sifa za nyumbani hazikumtosha huyu. Alitaka Castory aone. Basi ule utepe mwembamba unaounganisha kibodi na mashine akauchomeka nusu, na kilango kinachoubana akakiacha wazi. Leo itaandika, kesho ikitikisika barabarani, itagoma. Elieth atampigia mumewe, naye atakwenda Mtumba na mkoba wake wa bisibisi, aitengeneze mbele ya Castory na ofisi nzima.

Jioni Elieth aliijaribu, akafurahi, akamshukuru. Akamwambia kesho ana kikao kikubwa, yeye ndiye mwandishi wa muhtasari. Damas alisikia vizuri sana, akajikausha.

Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akawaambia wateja warudi jioni, akakaa na simu mkononi. Haikulia. Mchana uvumilivu ukamwishia, akapiga mwenyewe. Ikapokelewa na sauti ya kiume.

"Shemeji, habari za Kizota? Castory hapa. Elieth kaniachia simu, yuko ndani kwenye kikao. Kibodi yake imegoma, nimempa mashine yangu. Usiwe na wasiwasi shemeji, nipo naye."

Damas alisema asante, maana hakuna kingine cha kumwambia mtu anayekuita shemeji. Kisha wivu ukampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Mashine yake! Na mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka huko, aliwaza, akalivua shati na kulitupa juu ya redio mbovu.

Elieth alirudi amechoka, akaketi kwenye benchi la karakana, pochi bado begani.

"Castory kaifungua. Anasema utepe ulichomekwa nusu na kilango kikaachwa wazi. Ulisahau?"

"Nilisahau," Damas alisema.

Elieth alimtazama. Alikuwa mke wa mwanaume anayeamka kitandani kwenda kuhakikisha komeo la mlango, na wote wawili walijua hivyo.

"Akaniuliza, fundi gani kafanya hivi, si mumeo ni fundi? Watu wote wananisikiliza. Ningemjibu nini, baba Priska? Nikasema niliipeleka kwa mtu mjini. Mume wangu ni fundi, nikasema, lakini wa redio. Kompyuta hazijui."

"Wa redio?"

"Wa redio." Elieth alisimama, akaziangalia kompyuta za wateja zilizopangana mezani. "Kabaki nayo aimalizie. Kesho anaileta mwenyewe hapa. Hizo uzifunike."