Dawa ya Mbegu

Mzee Sifuna hakutaka mtu ajue kwamba hajui kusoma. Kwa hiyo alipotia mahindi ya ghalani dawa ya wadudu, hakuuliza pakiti imeandikwa nini.

Leo Nabwile, mke wa mwanawe, aliiokota. "Baba, si hii ni sumu ya kupaka mbegu za kupanda?"

Jana Sifuna alimpelekea binti yake Pauline, kule Bungoma, unga wa mahindi hayo. Alitaka kusema, "Najua nilichofanya." Lakini Mithali inaonya kwamba kiburi kikitangulia, maangamizi yako nyuma yake, na huko kuna wajukuu wanne.

"Mwanangu, sijui kusoma," alisema. "Mpigie Pauline."

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, Sifuna aliichukua mkononi mwa Nabwile.

"Ngoja, Baba," Pauline akasema, "niepue ugali."

"Umwage. Usionje. Baba yako amekosa."