Mkwe Yuko Shimoni

Jamani, kuna aibu za kupita na kuna aibu ya mbele ya baba mkwe. Mtaalamu wa mtandao wa kampuni moja ya dawa aliionja hiyo ya pili, mchana kweupe.

Matawi yote ya kampuni yaliunganishwa kwa mtandao mmoja uliotandazwa juu ya laini za kawaida, na yeye ndiye aliyeziambia mashine data ipite wapi. Asubuhi ile, kwa ujuaji wake, aliandika sera mpya: kila data inayokwenda ghalani ipite laini mpya. Mashine hazina ubishi; zikitangaziwa njia, zinafuata. Kumbe laini yenyewe, upande wa ghala, ilikuwa haijachomekwa! Data yote ikapotelea hewani, wauzaji wakabaki wanakodolea skrini.

"Kuna nini?" bosi akauliza.

"Kebo hiyo, bosi. Imekatika tena." Hata hakuangalia. Mdomo ulitangulia akili.

Na kebo ya ardhini iendayo ghalani aliifukia nani? Baba mkwe wake, mkandarasi wa mitaro. Bosi alishaapa kwamba ikikatika tena, mzee atafute kazi kwingine.

Alipoikagua sera yake ndipo akaliona kosa. Akaiondoa ile njia, na mawasiliano na ghala yakarudi papo hapo. Angenyamaza, nani angejua? Akatoka nje miguu mizito.

Mzee alikuwa keshaitwa na bosi kufukua kebo, yumo ndani ya mtaro, shati limelowa, udongo hadi kwenye nyusi. Bosi amesimama juu yake, kakunja uso.

"Imerudi, baba," mtaalamu alisema kwa sauti ya mgonjwa.

Mzee akashusha pumzi. "Nimetikisa kiungio hapa, kumbe ndicho. Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha kazini kwako."

Lo! Afadhali angetukanwa. Masikio yalimwaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Basi, mzee," bosi akasema, "tumefikia mwisho."

"Hapana, bosi. Kebo ni nzima. Mimi ndiye niliyeielekeza data kusikopitika, nikamsingizia baba."

Mzee akapanda juu taratibu, akajipangusa mikono, akamkabidhi mkwewe koleo.

"Fukia," akasema, akitazama pembeni. "Na mkeo utamweleza mwenyewe. Mimi naona aibu."