Pejo Iliyojifunza Kurudi Nyuma

Siku waliyohamia Area 25, mtaa wa Lilongwe, wakitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Godelive alikuwa anatafuta pembe yenye mwanga ya kuweka cherehani yake, aliposikia mumewe akimwita kutoka nyuma ya nyumba kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyoka. Akakimbia. Alimkuta Cirhuza amesimama mbele ya gari bovu lililokalia matofali, machozi yanamtoka. Kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa anaatamia mayai, akamkodolea Godelive jicho la mwenye mji.

"Mama Charlène, unaona? Ni Pejo 404! Njo ile ile!"

Haikuwa ile ile. Ile iliyombeba Godelive siku ya harusi yake ilibaki Bukavu, nyeupe, inang'aa, na Mungu peke yake ajua iliishia mikononi mwa nani. Hii ilikuwa na rangi ya kutu na ya kinyesi cha kuku. Lakini udugu ulionekana: mapezi mawili yaleyale nyuma, pua ileile, na usukani upande wa kushoto kama magari ya kwao. Padri mmoja alikuja nayo zamani kutoka Burundi, ikamfia hapo, akaiacha. Mwenye nyumba, bibi wa Kimalawi aliyeitwa Agogo Nachisale, alicheka mpaka akajishika kiuno walipomuuliza. Alichotaka yeye ni uwanja wake tu. Wakiliondoa dude hilo, ni lao, na zikomo kwambiri, asante sana.

"Itatoka hapa na miguu yake," Cirhuza alimwambia mkewe. "Na itapeleka Charlène kwa bwana yake, vile ile ingine ilikupelekaka we."

Charlène wakati huo alikuwa msichana wa shule mwenye magoti yenye vumbi, habari za mabwana hana. Godelive akaona ni maneno ya mwanamume aliyeshikwa na hamu ya kwao, yatapita. Mume aliyemwoa hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na riziki yao aliitafuta sokoni kwa kuuza simu za mitumba. Vidole vyake vilizoea gitaa.

Basi hayakupita. Kila Jumamosi alasiri, na kila Jumapili baada ya ibada, Cirhuza alivua shati jeupe, akavaa suruali moja ambayo Godelive alikataa kuifua pamoja na nguo za watu, akaingia chini ya Pejo. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Wageni walikuja kusalimia wakaisalimia miguu. Alifungua injini kipande kwa kipande, akapanga vipande juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuruga, hata kuku. Kitu asichokijua aliuliza, kwa fundi wa Area 23, kwa dereva wa lori kutoka Tanzania, kwa mzee yeyote aliyewahi kuketi karibu na Pejo, na wala hakuona haya kuuliza mara ya pili. Bandu bandu huisha gogo.

Mwanzoni Godelive alimtania. Alimwita mume wa mke wa pili. Kisha, bila kujua ni lini hasa, akaacha kutania akaanza kutazama. Aliona jinsi mumewe alivyosafisha skrubu moja iliyoliwa na kutu kana kwamba anamwosha mtoto uso. Aliona jinsi alivyokosea, akafungua upya, asilaani mtu. Godelive ni fundi wa nguo, na fundi humjua fundi mwenzake kwa namna anavyofumua alichokosea. Siku moja alijisemea moyoni kwamba amezaa na mtu ambaye hakuwahi kumwona vizuri, na akafurahi kama msichana.

Sakafu ya gari ilikuwa imeoza yote. Ndikuriyo, Mrundi wa kambini aliyejua kufua bati, aliipiga mpya kwa madebe ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada ambayo kila nyumba ya Dzaleka iliyatumia kutengenezea milango. Kwa hiyo ukiinua zulia uliona chini ya miguu yako maandishi ya shehena, kichwa chini miguu juu. Viti alivishona Godelive mwenyewe kwa ngozi bandia aliyoipata kwenye mabasi yaliyokufa, akavunja sindano nyingi, akasema maneno ambayo mke wa mwalimu wa kwaya hatakiwi kuyasema. Walipoviingiza na vikakaa, walikaa na wao, wawili, ndani ya gari lisilo na magurudumu, wakala karanga.

Injini iliwaka Jumapili moja mtaa mzima ukishuhudia. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, halafu ikatulia, ikaanza kuimba sauti moja nzuri ambayo Cirhuza aliitambua mara moja kuwa ni besi. Gia ya kwanza ikakubali, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya kurudi nyuma ikagoma. Akafungua, akafunga, ikagoma tena.

"Papa Charlène, achana nayo," alisema jirani yao Fabrice, naye mtu wa Bukavu, mwenye mdomo mwepesi. "Hii gari ni refijie kama sisi. Inaendaka mbele tu. Kurudia kwao haijue."

Watu walicheka sana, Godelive naye akacheka. Cirhuza peke yake hakucheka. Alisema gari isiyojua kurudi nyuma si gari, akaishusha giaboksi yote chini kwa mara nyingine, na msimu mzima wa mvua ukapita akiwa nayo chini ya shiti la plastiki. Ilipokubali hatimaye, aliirudisha Pejo nyuma kutoka kwenye lango hadi chooni, akaipeleka mbele, akairudisha tena, siku nzima. Agogo Nachisale aliuliza kama gari ndilo lenye wazimu au dereva.

Na kweli Charlène akapata mchumba. Alikuwa Dany, kijana mpole, fundi redio, ambaye wazazi wake waliishi Dzaleka. Harusi ikapangwa kufanyika kule kambini, baada ya mavuno. Charlène alimwendea baba yake chini ya gari, akachuchumaa kwenye miguu.

"Papa, itakuwa tayari?"

"Itakuwa."

"Kama haiko tayari, si kitu. Tutapanda minibasi."

Miguu ikatoka, kisha mwili, kisha uso wenye grisi. "Mama yako hakupandaka minibasi," Cirhuza alisema, akarudi chini. Tangu siku hiyo Godelive alijua kwamba lililobaki si gari tena. Mtu huyu alipoteza nyumba, kazi, mji, na kaburi la baba yake. Neno moja tu alilompa mtoto wake lilikuwa bado mikononi mwake, na alikuwa analishikilia kwa spana.

Sasa sikia lililotokea. Pejo ilipakwa rangi nyeupe, ikakauka, na Cirhuza akaitoa barabarani kwa mara ya kwanza. Alivaa shati safi. Aliketi kushoto, usukani kushoto, mkono wa kulia kwenye gia iliyo chini ya usukani, harufu ileile, mlio uleule. Akatoka langoni na mwili wake ukaenda Bukavu. Alishika upande wa kulia wa barabara, kama alivyofundishwa ujanani, na Malawi magari hupita kushoto, akaenda hivyo huku anapiga honi kwa furaha, mpaka minibasi ikatokea mbele yake uso kwa uso. Dereva wa minibasi aliokoa watu kwa kukanyaga breki. Cirhuza aliokoa watu kwa kujitupa mtaroni.

Hakuumia. Pua ya Pejo ndiyo iliyokunjamana. Vijana waliisukuma hadi nyumbani, na waliokuwa wakimpigia makofi asubuhi sasa walikuwa wanaangalia pembeni. Cirhuza aliifunika gari kwa shiti, akanawa mikono. Jumamosi iliyofuata hakuvaa ile suruali.

"Charlène apande minibasi," alimwambia mkewe. "Mi nilikuwa karibu kuua bantu."

Fabrice alijitolea kuendesha yeye. Klachi ikamkataa, akaizima gari kila alipojaribu kuondoka, na kwa vyovyote Cirhuza hakutaka hata kutazama. Godelive alikaa na jambo hilo rohoni kama mfupa kooni. Harusi ilikuwa inakaribia. Jioni moja kabla ya giza aliinua shiti, akaingia kushona pindo la kiti cha mbele lililofumuka mtaroni. Alikuwa kwenye kiti cha kulia, cha abiria. Lango lilikuwa wazi, akainua macho akaona barabara yote, inayokuja na inayokwenda. Akahamia kwenye kiti cha dereva. Aliona ukuta, mtaro, na mbuzi.

Akaenda kumshika mumewe mkono, akamketisha kushoto, yeye akaketi kulia.

"Papa Charlène, mahali unaikalaka, huone barabara. Mi njo naona. We shika volan, mi nitakuwa macho."

"We hujue kuendesha."

"Najua kusema kushoto. Na we unajua kunisikia, ama namna gani?"

Cirhuza akaenda kutafuta nyundo ya kunyooshea pua ya gari. Asubuhi za Jumapili, kabla magari hayajawa mengi, walizunguka Area 25, Godelive akisema "kushoto, kushoto, baki kushoto" mpaka watoto wa mtaa wakalifanya wimbo. Walipotaka kuipita baiskeli, Cirhuza aliuliza, "Niende?" na Godelive aliinama, akatazama, akajibu. Hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote tangu azaliwe. Ilimpendeza kupita kiasi.

Kisha dada mkubwa wa Cirhuza, shangazi Rosalie, akaja kwa ajili ya harusi, akakuta mpango huo, akaukataa. Kwa desturi ya kwao mama hamsindikizi binti yake. Mama hubaki nyumbani langoni, asiingie gari la bibi harusi wala asifike kwa wakwe, machozi yake yasije yakamfuata mtoto kwenye ndoa. Godelive hakuhitaji kufundishwa. Mama yake mwenyewe alibaki langoni kule Kadutu, Bukavu, akishika nguzo, na Godelive alimwona kupitia kioo cha nyuma cha 404 akiwa mdogo, mdogo zaidi, kisha kona. Baadaye ikaja vita, na picha iliyombakia ya mama yake ni hiyo ya kwenye kioo.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Rosalie akalegea nusu.

"Sawa, uende, juu ya usalama wa batoto. Lakini mpaka kwa njia panda ya kambi. Pale unashuka. Kwa lango ya bale bantu hufike."

Godelive alikubali. Aliona hiyo nusu ni zawadi kubwa.

Siku yenyewe Pejo ilitoka Lilongwe imefungwa utepe, Charlène na mdogo wake Douce nyuma, gauni limejaa mpaka madirishani. Kwenye barabara kuu malori ya tumbaku yalikuwa mengi. Cirhuza alishika usukani kwa mikono miwili na jasho lilimtiririka.

"Niende?"

"Ngoja. Lori. Ngoja... ingine iko nakuya. Ngoja, Papa. Sasa! Enda, enda, enda! Rudia kushoto."

Wakaenda hivyo njia yote, na Pejo haikukohoa hata mara moja. Godelive alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, shingo imenyooka, kola nyeupe, vidole vilivyobaki na weusi kwenye kucha ambao sabuni ilishindwa. Alimpenda kuliko siku aliyoolewa naye. Nyuma yake Charlène alikuwa ameweka mkono kwenye bega la mama yake.

Kwenye njia panda Cirhuza alisimamisha gari. Barabara ya vumbi ilielekea kambini, nyembamba, tupu; hapo macho ya pili hayakuhitajika. Godelive alishuka, akarekebisha shela ya bintiye kupitia dirishani, akasema, "Nenda vizuri," akafunga mlango. Mlango ulifunga kwa sauti nzuri. Cirhuza alikuwa ameuhangaikia sana.

Akabaki kando ya barabara na mkoba wake, kati ya wauza viazi na vijana wa kabaza walioketi juu ya baiskeli zao wakingoja abiria. Pejo iliondoka polepole. Kwenye kioo cha nyuma aliona uso wa Charlène umegeuka, ukiwa mdogo, mdogo zaidi. Hapo ndipo Godelive alipoelewa mama yake aliona nini. Alifunika mdomo kwa kitenge, akalia.

Honi ikalia. Alipofuta macho, vumbi lilikuwa limesimama. Kisha akasikia mlio alioujua kuliko mtu yeyote nje ya gari lile, ule mlio mwembamba, wa kulalamika, uliomnyima mumewe usingizi msimu mzima wa mvua. Taa nyeupe moja iliwaka nyuma. Pejo ilikuwa inakuja kinyumenyume, imenyooka katikati ya barabara, mapezi mbele, utepe unapepea upande usio wake, na vijana wa kabaza wakapiga miluzi.

Ikasimama mbele yake. Charlène alikuwa amekwisha kufungua mlango wa mbele kutoka nyuma, gauni limemziba Douce uso mzima.

"Ingia, Mama."

"Shangazi yako atasema nini?"

"Atasema," alijibu Cirhuza. Hakumtazama, alikuwa anatazama mbele, na sauti yake haikuwa ya mwalimu wa kwaya hata kidogo. "Mama Charlène, kule mbele mi sione muzuri."

"Kuna nini kule?"

"Kuna bantu. Bengi. Na mi niko peke yangu."

Godelive akapanda, akavuta mlango, akakung'uta vumbi kwenye gauni lake. Barabara mbele yao haikuwa na mstari wala upande, ilikuwa vumbi tupu hadi kwenye nyumba za kwanza za Dzaleka, ambako watu walianza kutoka wakiimba.

"Haya," akasema. "Baki kushoto."